Mibuni ya kitalu kimoja: shauri la ndugu wawili wa Mbinga

Ndugu msomaji, Ijumaa ya leo tuondoke kidogo kwenye vitabu tupande milima ya Umatengo, mkoani Ruvuma, ambako miaka kadhaa iliyopita niliitwa kusuluhisha shauri la mirathi. Mashauri ya namna hiyo kwa kawaida huamuliwa kwa kalamu na karatasi: nani amefariki, ameacha nani, ameacha nini. Hili kalamu haikulimaliza. Lilimalizwa kwa kutazama majani.

Marehemu alikuwa ameacha shamba la kahawa karibu na mji wa Mbinga, lililoanzia kwenye mgongo wa mlima na kuteremka hadi kwenye kijito. Baada ya wenye haki wote kupata mafungu yao na kuridhika, shamba lile liliangukia kwa watoto wa kiume wawili. Wakalikata katikati kwa kamba: kaka akachukua kipande cha juu, mdogo akachukua cha chini. Mibuni ya baba yao ilikuwa imechakaa, hivyo wakaing'oa na kupanda upya. Miche ilitoka kitalu kimoja, mbegu moja, ikapandwa msimu mmoja. Mvua iliyowanyeshea ilikuwa moja.

Miaka ya mwanzo mnung'unikaji alikuwa mdogo. Mibuni ya kaka yake ilizaa mapema, matawi yakainama kwa uzito wa buni. Ya kwake ilirefuka tu, majani mapana, buni za kuhesabika. Akaanza kusema kuwa kaka mtu alijua alichokuwa akikichagua siku ya kupima kamba. Kisha mambo yakageuka. Mibuni ya juu ikaanza kuwa manjano, ncha za matawi zikakauka na kuwa nyeusi, buni zikawa nyepesi, nyingine tupu ndani. Ya chini ikaendelea polepole kama mwanzo. Hapo kaka naye akaanza kusema maneno ambayo vijijini mwetu hayaji peke yake: kwamba kuna kitu kimefukiwa mpakani. Akapatikana na mtu wa kumthibitishia kuwa mdogo wake alionekana pale usiku. Kufikia siku niliyoitwa, watoto hao wa baba mmoja na mama mmoja walikuwa hawasalimiani, na wake zao wanachota maji kwa zamu ili wasikutane kijitoni.

Nilisikiliza pande zote mbili kwa asubuhi nzima, kisha nikaomba aletwe mtaalamu wa kilimo. Baadhi ya wazee walishangaa. Wao walitaka kiapo. Lakini imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) aliwapita watu wa Madina wakichavusha mitende kwa mikono, akatoa rai yake, nao wakaiacha kazi hiyo, mavuno ya mwaka ule yakawa mabaya, ndipo akawajulisha kuwa mambo ya dunia yao wao wanayajua zaidi. Basi na mimi sikuona aibu kukaa pembeni. Akaja bibi shamba, binti wa umri wa wanangu, akatuamkia wote, akavua viatu vyake vya mjini na kuvaa mabuti.

Hakuanza kwa maneno. Alichuma jani moja katika kila shamba, akihesabu kutoka ncha ya tawi ili yawe ya umri mmoja, akawawekea ndugu wale viganjani. Jani la bondeni lilikuwa pana, jembamba, la kijani kizito. La mgongoni lilikuwa dogo, nene, gumu, na kijani chake kimepauka. "Baba zangu," akasema, "huu ni mmea mmoja. Kivuli kimeufanya hivi, na jua limeufanya hivi."

Maelezo yake nimeyafuatilia baadaye vitabuni, na naona yanafaa kuwafikia watu wengi zaidi ya wale waliosimama pale. Mnyama akichoka na mahali huhama. Mmea hauna miguu. Ulipooteshwa ndipo utakapozeekea. Kwa hiyo haubadilishi mahali, hujibadilisha wenyewe. Pale mwanga ulipo haba, jani hutandazwa ili lipokee kila kidogo kinachopenya. Pale jua linapozidi, jani hufanywa dogo na nene, kwa sababu mwanga ukizidi kiasi huunguza. Na jani likishakomaa umbo lake halirudi nyuma; ni yale yatakayochipua baadaye ndiyo yatakayoifuata hali mpya. Ndiyo maana mtu akikata miti yote ya kivuli kwa siku moja huona majani ya kahawa yake yakibabuka. Si kwamba mibuni haiwezi jua. Ilikuwa imevaa nguo ya kivulini, ikavuliwa ghafla.

Jambo lililonishangaza zaidi ni namna mmea unavyotambua kwamba uko chini ya mti mwingine, na si kwamba mawingu yametanda tu. Majani yaliyo juu hunyonya mwanga mwekundu na kupitisha ule wekundu wa mwisho kabisa, ambao macho yetu karibu hayauoni. Ndani ya mmea mna rangi maalumu iitwayo faitokromu inayopambanua wekundu hizo mbili. Mwaka 1952 watafiti wa Beltsville, Marekani, waliimulikia mbegu za letusi: mwanga mwekundu ukaziotesha, ule wekundu wa mwisho ukazizuia, na walipopishanisha mara nyingi, mbegu zikatii mmuliko wa mwisho pekee. Mmea unaosoma kuwa umefunikwa na wenzake huacha mambo mengine na kurefuka. Mibuni ya mdogo ilikuwa na pingili ndefu, mkono wangu mzima kati ya tawi na tawi. Haikuwa na afya kuliko ya kaka. Ilikuwa ikitafuta upenyo.

Na hujua upande wa kurefukia. Mwaka 1880 Charles Darwin na mwanawe Francis walitoa kitabu juu ya mwendo wa mimea. (Jina hilo likitajwa barazani kwetu huzua mjadala wa jambo jingine kabisa, ambalo leo silo letu.) Walichukua machipukizi machanga ya nyasi, wakayafunika ncha kwa vikofia visivyopitisha mwanga, na machipukizi yakakosa kupinda kuelekea dirishani, ingawa sehemu inayopinda iko chini ya ncha. Ncha huona, shina hupinda; basi lazima kuna ujumbe unaoteremka. Mwaka 1928 kijana wa Kiholanzi, Frits Went, aliuonyesha ujumbe wenyewe: ni kemikali, leo huitwa oksini, ambayo hukusanyika upande wa kivuli wa shina na kuurefusha upande huo zaidi, shina likalazimika kuinamia mwanga.

Oksini hiyo hiyo ndiyo humwinua muhindi ulioangushwa na dhoruba. Wakulima wa Umatengo wanalijua hili bila ya Went. Muhindi ambao haujatoa mbelewele, ukilazwa na upepo, muuache. Katika siku chache pingili zake za chini zitarefuka upande ulioelekea ardhini na utasimama wenyewe, ukibaki na kigoti shinani. Anayekimbilia kuuinua kwa mikono mara nyingi huukata mizizi. Ukishakomaa ndio basi, hauinuki tena. Vipi unajua chini ni wapi? Katika ncha za mizizi, na katika pingili kama hizo, mna seli zenye chembe nzito za wanga. Mmea ukilala, chembe hizo huteremkia upande mpya wa chini, kama mchele ndani ya kibuyu kilichoinamishwa.

Turudi kwa ndugu zetu. Bibi shamba alimuuliza kaka alivuna kiasi gani mwaka wa tatu na wa nne. Akataja magunia yake kwa fahari. "Na mbolea ulitia?" Akanyamaza. "Na matawi ulipunguza?" Akazidi kunyamaza. Kumbe jawabu la kisa kizima lilikuwa katika kunyamaza kule.

Mbuni unaopigwa na jua siku nzima huweka vichwa vingi vya maua. Mwembe ukizaa kupita kiasi huzipukutisha embe changa usizoweza kuzilea. Kila aliyelala chini ya mwembe anajua zinavyodondoka. Mbuni una uwezo mdogo sana wa kujipunguzia. Buni nyingi zikishashika, zitabebwa. Zitakula sukari ya majani, isipotosha zitakula akiba ya shina, kisha ya mizizi. Mizizi iliyokonda haichoti tena madini ya kutosha, majani yanakuwa manjano na kudondoka, ncha za matawi zinakufa. Yale mavuno makubwa ya mwanzo, ambayo mdogo aliyaonea wivu, ndiyo yaliyoyaleta haya ambayo kaka aliyaita uchawi. Shamba la bondeni lilikuwa limezuiwa na kivuli chake lisizae kuliko nguvu zake.

Kulikuwa na ushahidi mwingine ambao kaka aliushikilia kwa mikono miwili: mibuni ya mdogo wake ilitoa maua kiangazi, Julai na Agosti, wakati ya kwake imenyauka. Huo nao una sababu. Vichwa vya maua vya mbuni hulala wakati wa ukame, na ili viamke vinahitaji kwanza kiu, kisha maji. Mahali pakavu kama kule juu, kiu hukamilika. Mvua ya kwanza ya Novemba ikishuka, baada ya siku saba hadi kumi hivi mlima mzima unakuwa mweupe na kunukia kama yasmini, na buni zote huiva kwa pamoja miezi minane baadaye. Bondeni, penye unyevu wa kijito na kivuli cha migomba, kiu haiwi kamili wala haiji kwa mibuni yote siku moja. Maua hutoka vipande vipande. Mdogo mwenyewe alikiri kuwa anachuma kahawa yake mara tano au sita, akilipa vibarua kila mara kwa ndoo mbili tatu. Kaka hakuwa amewahi kulihesabu hilo.

Nalitaja hili kwa kirefu kwa sababu si la ndugu hawa tu. Mvua zisizo na mpango, zinazochungulia Agosti na kukimbia, huifanya hata mibuni ya juu ichanue kwa mafungu, na kahawa ya mafungu ni ghali kuichuma na ngumu kuiweka katika daraja moja. Joto nalo linapanda. Mwaka 2015 kundi la watafiti lilichapisha hesabu za kahawa ya arabika ya Tanzania na hali ya hewa tangu mwaka 1961, wakaona kuwa kila nyuzi 1 ya joto la usiku inapoongezeka mavuno hupungua kwa takriban kilo 137 kwa hekta. Usiku ndipo mmea unapotumia akiba yake bila ya kuingiza. Usiku wa joto huongeza matumizi. Taasisi ya Utafiti wa Kahawa, TaCRI, ina kituo chake hapo hapo Mbinga, Ugano, na tangu mwaka 2005 imetoa aina za kahawa zinazostahimili chulebuni na kutu ya majani. Hizo ni faida kubwa. Lakini hakuna mbegu iliyotolewa na taasisi yoyote itakayozaa vilevile mgongoni na bondeni.

Kisha akaomba jembe. Akachimba shimo la goti moja katika kila shamba, hatua mbili kutoka kwenye shina. Bondeni mizizi myembamba ilikuwa imejaa kama nywele. Mgongoni udongo mweusi ulikuwa kina cha vidole vitatu, chini yake udongo mwekundu mgumu, na mizizi imekimbilia pembeni. Mzizi hauoti matawi ovyo. Upande unaogusa udongo wenye unyevu ndio unaotoa vijizizi, upande mkavu hubaki mtupu. Ukitaka kujua maji yalipo shambani, uliza mzizi.

"Udongo wa hapa umekwenda wapi?" binti akauliza. Aliyejibu hakuwa kaka wala mdogo. Alikuwa mzee mmoja wa Kimatengo, jirani, ambaye alikuja kusikiliza tu. Akanyoosha fimbo kuelekea juu ya shamba la kahawa, kwenye kipande ambacho marehemu alikuwa akilima mahindi na maharage. "Mzee wao alikuwa na ngolo pale," akasema. "Huyu alipochukua akazisawazisha."

Msomaji asiyefika Umatengo huenda hazijui ngolo. Ni vishimo, upana wake mita moja hadi moja na nusu, vilivyopangwa mlimani kama sega la nyuki. Mwishoni mwa masika, kama Machi, nyasi hukatwa na kupangwa kwa mistari inayokatizana na kufanya miraba. Zikishakauka, udongo wa katikati ya kila mraba huchimbwa na kuzifunika. Kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga, wanawake huchimba na kufukia. Panapochimbwa hubaki kishimo, na nyasi zilizofukiwa huwa tuta linalozunguka. Maharage hupandwa kwenye matuta, na mvua za Novemba na Desemba zikija, mahindi hufuata. Maji ya mvua hayateremki mlima. Huingia vishimoni na kukaa. Udongo unaomomoka hukamatwa na kishimo kilicho chini yake. Nyasi zilizofukiwa huoza taratibu, na mizizi ya mihindi huzifuata zilipo.

Wamatengo walijibana katika milima hii hasa baada ya Wangoni kuingia nchi ya Songea katika karne ya kumi na tisa, na mtu aliyebanwa kwenye mteremko mkali hana nafasi ya kupoteza udongo mara mbili. Eneo la mlima lililo kati ya kijito na kijito huitwa ntambo, na lilikuwa la ukoo mmoja, ili aliye juu asimharibie aliye chini asiye ndugu yake. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, walikuja kuzisoma ngolo hizi. Nakiri nilipolisikia jambo hilo kwa mara ya kwanza nilicheka: watu wamevuka bahari kuja kujifunza kishimo ambacho vijana wetu wanaona ni kazi ya kizamani. Kaka alikuwa mmoja wa vijana hao. Ngolo zinakula nguvu nyingi, na yeye alikuwa na pikipiki ya kushughulikia mjini. Alisawazisha, akalima matuta yanayoshuka na mteremko, na kila masika maji yakapita katikati ya kahawa yake mwenyewe yakibeba udongo kwenda kwa mdogo wake.

Kwa hiyo kitu kilikuwa kimevuka mpaka kweli. Mdogo alikuwa amepokea udongo wa kaka yake bila ya kujua.

Hapo mke wa kaka, aliyekuwa amesimama nyuma na mtoto mgongoni, akaomba ruhusa ya kusema. "Shehe, mimi kwetu ni Liuli, ziwani. Kwetu mihogo hupukutisha majani yote kiangazi, ikabaki fito. Sijamsikia mtu akimwita mganga."

Maneno yale yalitufanya tucheke kwa mara ya kwanza siku ile, na yana elimu ndani yake. Barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay ni kama kilomita 66, siku hizi ni ya lami, nayo ni darasa tosha. Ziwa Nyasa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Mashamba ya kahawa yako mita elfu moja na zaidi juu yake. Kwa kawaida joto hupungua kama nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda, hivyo anayeteremka hubadilishiwa hali ya hewa kabla hajamaliza chupa ya maji. Katikati ya njia, Septemba na Oktoba, ataona miombo ikitoa majani mapya, mekundu kama kutu, wakati ardhi ni kavu kabisa na mvua haijadondosha tone. Miti hiyo huchota maji ya kina kirefu na akiba ya shinani, na jani linakuwa tayari pale mvua inapofika. Ule wekundu ni rangi inayolikinga jani changa.

Chini kabisa ziwani ndiko iliko mihogo ya yule mama. Muhogo una tahadhari ya ajabu. Hewa ikikauka mchana, hufunga mapema vile vitundu vidogo vya jani viitwavyo stomata ambavyo maji hupotelea, na majani huyainamisha yasikabiliane na jua. Ukame ukirefuka, huyaacha yadondoke na kungoja, akiba yake ikiwa chini ya ardhi. Mvua ikirudi, huchipua. Muhindi hauwezi subira hiyo. Hukunja majani yake adhuhuri kama karatasi, ukikosa maji wakati wa mbelewele mavuno yamekwisha. Na mpunga uliopandwa katika mabonde ya mito inayoingia ziwani husimama katika maji ambayo yangeuozesha muhindi, kwa kuwa ndani ya bua na mizizi yake hufanya njia za kupitishia hewa.

Mimi mwenyewe nililipia ada ya darasa hilo. Nikiwa kijana niliwahi kukaa Mbamba Bay nikisomesha watoto, na kwa kupenda kwangu kahawa nikateremsha miche kumi kutoka Mbinga, nikaipanda nyuma ya nyumba na kuimwagilia kila alfajiri. Iliyobaki hai ilikuwa minne. Iliota, ikajaa majani, na mwaka wa tatu ikatoa maua. Hayakufunguka. Yalibaki vitu vidogo vya kijani, vigumu, kama nyota zilizokunjamana, yakadondoka. Nilimlaumu aliyeniuzia miche. Nilikuja kusoma baada ya miaka mingi kwamba ua la arabika likikutwa na joto kali hujikunja hivyo hivyo, na yule bwana nikawa siwezi tena kumwomba radhi.

Alasiri tulikaa chini ya migomba ya mdogo. Kaka, ambaye utotoni alihitimu juzuu kadhaa, ndiye aliyeitaja mwenyewe aya ya 4 ya Suratur Ra'd, inayozungumzia vipande vya ardhi vilivyopakana na bustani zinazonyweshwa maji mamoja huku matunda yake yakipishana. Aliitaja kwa sauti ya chini, akiangalia chini. Mdogo naye akasema kwamba usiku ule alioonekana mpakani alikuwa amekwenda kupima kwa kamba, kwa siri, kama kipande cha kaka ni kikubwa kuliko chake. Basi kila mmoja alikuwa na lake la kuomba radhi, wakaombana.

Mpaka haukuguswa. Walikubaliana kuwa ngolo zirudishwe juu, na mdogo atachangia nguvu zake kila Machi, kwa kuwa udongo wa kaka amekwisha kuula. Mibuni ya juu ikatwe shina, ibaki kisiki cha kama sentimita 30. Mti ukikatwa kichwa, ile oksini iliyokuwa ikiteremka kutoka nchani na kuyanyamazisha macho ya chini hukatika, na macho hayo huamka. Kati ya machipukizi yatakayotoka, yaachwe mawili au matatu. Upandwe na mgomba na mgrevilea kwa kivuli chepesi. Na mdogo apunguze matawi ya miti yake, kidogo kidogo, misimu miwili, asiibabue kahawa.

Niliwapitia tena mvua za mwaka uliofuata. Machipukizi yalikuwa yamefika magotini, majani yake ya kadiri, si mapana wala si magumu. Migrevilea michanga ilikuwa imefungwa kila mmoja kwenye mti mnyoofu, kamba imekazwa ili upepo wa mgongoni usiitikise, na bibi shamba alikuwa akipita akizilegeza kamba moja baada ya nyingine. Nikamuuliza kwa nini. Akanieleza kuwa mche unaotikiswa na upepo hufupisha kimo na kunenepesha shina, na ule uliofungwa hurefuka na kuvunjika siku unapofunguliwa. Mwaka 1973 Mmarekani mmoja, Mordecai Jaffe, alionyesha kuwa hata maharage yakisuguliwa shina kwa vidole kila siku huacha kurefuka kwa kasi. Mtoto wa kaka, aliyekuwa akimfuata nyuma, alikuwa amekwisha kulijua somo. Alikuwa akiisukuma miche kwa kidole, mmoja mmoja, akihesabu.